Mtaro Unaotiririka Kiangazi

Kila masika jijini Dar es Salaam tunasikia maneno yale yale. Mvua ikishanyesha siku mbili mfululizo, maji yakishaingia vyumbani Kigogo na Mchikichini, barabara ya Jangwani ikishafungwa, kiongozi atasimama kando ya mtaro mweusi na kusema kwamba wananchi wanatapisha vyoo, kwamba hawasikii, kwamba safari hii watakamatwa. Wapiga simu redioni wanakubali. Wahariri wanakubali. Nimekaa na wahandisi waliosoma wakabobea, nao wanakubali: mitaro yetu imechafuka kwa sababu ya tabia za watu wa uswahilini, na dawa ni mbili, mgambo na zege. Mkamate anayetapisha, kisha jenga mtaro mpana zaidi.

Mimi nakataa. Sikatai kwamba vyoo vinatapishwa. Nimewahi kupanga chumba katika nyumba ambayo baba mwenye nyumba akisikia ngurumo usiku alikuwa anaamka kutafuta sululu. Naujua mlio wa sululu hiyo ikitoboa ukuta wa shimo, na asubuhi yake naijua harufu iliyobaki uchochoroni. Ni uchafu, ni hatari, ni kosa kisheria. Ninachokataa ni dai kwamba huyo baba ndiye anayeuchafua mtaro. Dai hilo limetufanya tutafute mhalifu wakati wa mvua, na wakati wa mvua ndipo ambapo hakuna anayeweza kumwona.

Nenda mtaroni mwezi wa Agosti. Subiri siku tatu zipite bila tone la mvua, kisha simama juu ya kalavati utazame chini. Mtaro wa maji ya mvua, kwa jina lake tu, ungepaswa kuwa mkavu siku hiyo, una vumbi na majani na mjusi anayeota jua. Katika mitaa mingi utakuta maji. Yanatembea, tena yana povu. Maji hayo hayakutoka mbinguni, na hakuna aliyetapisha choo saa nne asubuhi jua likiwaka na majirani wakitazama. Yanatoka mahali fulani, yanapita kwenye bomba fulani, na bomba hilo lina mwenyewe.

Kiangazi kilichopita nilitembea katika mtaro mmoja, kama mita mia nane, pamoja na fundi bomba mtu mzima na kijana mmoja aliyetumwa na serikali ya mtaa. Mtaa wenyewe siutaji. Tulianza saa kumi na mbili na nusu asubuhi kwa sababu fundi alisema saa za watu kuoga ndizo saa ambazo mabomba husema. Tulipanda kutoka bondeni kuelekea juu, na kila tulipofika penye makutano tuliuliza swali moja tu: upande upi una maji? Mkono wa kulia mkavu, tunauacha. Mkono wa kushoto unatiririka, tunaufuata. Kwa namna hiyo mtaro wenye matawi mengi unapungua haraka. Kabla ya saa mbili tulikuwa tumebakiwa na kipande kifupi ambacho juu yake kilikuwa kikavu na chini yake kililowa.

Ndani ya kipande hicho kulikuwa na daraja la zege, lile ambalo mwenye nyumba hulijenga ili gari lake liingie getini. Fundi akapiga magoti, akainamisha kichwa chini ya zege na tochi ya simu. Akaniita. Bomba la inchi nne lilikuwa limekatwa sawasawa na ukuta wa mtaro, likapigwa lipu kuzunguka mdomo wake, lipu ya rangi ileile ya ukuta. Chini ya mdomo ule kulikuwa na utando wa kijivu wenye nyuzinyuzi, umening'inia kama manyoya ya paka aliyelowa, na ndani ya utando vijidudu vyekundu vyembamba vikijinyonganyonga. Utando wa namna ile hauoti kwa siku moja. Maji machafu hupita hapo miezi na miezi bila kukatika.

Nyumba yenyewe ilikuwa ghorofa nne, vigae sebuleni, maua kibarazani. Msimamizi alituruhusu kuingia. Fundi akakoroga unga wa rangi ya kijani ndani ya choo cha chini, akavuta maji, tukatoka kwenda kusubiri. Baada ya dakika sita mtaro ukageuka kijani.

Mwenye nyumba alikuja akiwa amekasirika, na hasira yake ilikuwa ya kweli. "Baba, mimi karo ninalo. Nililichimbisha mwenyewe na risiti za matofali ninazo." Fundi akamjibu kwa upole, "Mama, karo unalo. Ila mdomo wake uko mtaroni." Ndivyo ilivyokuwa. Ardhi ya pale ina maji karibu na uso, karo lilikuwa likijaa upesi, na fundi wa zamani alilitoboa juu na kuliwekea bomba la kupunguzia. Mama hakuambiwa. Alijua tu kwamba karo lake halijai tena, akamshukuru Mungu.

Mkabala na geti hilo kuna mama mwingine, anayekaanga mihogo. Mwaka huohuo alikuwa ametozwa faini kwa kumwaga ndoo ya maji ya kuoshea vyombo kwenye mtaro. Asubuhi ile tulikinga maji ya bomba kwa ndoo ya lita 20, nayo ikajaa kwa sekunde 40. Ndoo kama ile iliyomponza mama muuza mihogo ilikuwa ikimwagika kila sekunde 40, hatua tisa kutoka jikoni kwake, na aliniambia kwamba waliomwandikia faini walikuwa wamesimama juu ya lile daraja la zege.

Hesabu ya bomba lile ni nyepesi. Lita 20 kwa sekunde 40 ni nusu lita kwa sekunde. Tuseme linatoka kwa kasi hiyo saa sita tu kwa siku, asubuhi na jioni watu wanapooga na kufua. Ni lita 10,800 kwa siku, gari zima la kunyonya majitaka, na zaidi ya lita milioni 3.9 kwa mwaka. Sasa mchukue yule baba wa sululu. Shimo lake tuseme lina lita 3,000 na analitapisha mara mbili kwa mwaka: lita 6,000. Bomba moja la ghorofa moja linamwaga sawa na mashimo zaidi ya mia sita. Najua utakachosema, kwamba tope la choo cha shimo ni zito na lina vimelea vingi zaidi kwa kila lita. Ni kweli. Basi mpe baba huyo uzito mara ishirini. Bado bomba moja linazishinda nyumba thelathini, na linafanya hivyo kiangazi, wakati mtaro hauna maji ya mvua ya kuuzimua uchafu, na watoto wamo ndani yake wakitafuta mpira.

Mtu atasema nimechukua ghorofa moja nikaifanya jiji zima. Ni hoja ya haki, nayo ina jibu, maana wengine walishaikagua miji yao wakahesabu. Katika miaka ya themanini, wilaya ya Washtenaw huko Michigan, Marekani, ulipo mji wa Ann Arbor na mto Huron, ilikagua majengo 660, biashara na nyumba. Asilimia 14 ya majengo hayo yalikutwa yameunganishwa vibaya kwenye mitaro ya mvua. Walipotazama biashara za magari peke yake, yaani vituo vya mafuta, gereji, sehemu za kuosha magari na wauzaji wa magari, wastani ulifika asilimia 60. Huo ni mji wa chuo kikuu, wenye mabomba ya majitaka chini ya barabara zake. Hapakuwa na anayengoja mvua ili atapishe choo. Kulikuwa na sakafu ya gereji yenye tundu, na tundu hilo likaelekezwa kwenye bomba lililokuwa karibu zaidi, na hakuna aliyerudi kuuliza bomba lile linakwenda wapi.

Matokeo ya namna hiyo yaliibadilisha sheria ya Marekani. Kuanzia mwaka 1990 miji mikubwa, na kwa kanuni za 1999 hata miji midogo, ilitakiwa kuwa na mpango wa kutafuta na kuziba maunganisho haramu katika mitaro ya mvua. Na kanuni zile za miji midogo ziliagiza kitu ambacho sisi tunakiita anasa: ramani inayoonyesha kila mdomo ambapo mtaro unaingia mtoni, na jina la mto huo. Mto Charles unaopita Boston ulipewa alama D mwaka 1995. Chini ya miaka ishirini baadaye ukapata A kasoro. Kazi iliyoufikisha hapo ilikuwa ya kudhibiti mabomba ya majitaka yaliyokuwa yakifurika wakati wa mvua, na ya kuyasaka moja baada ya jingine mabomba ya nyumba na majengo yaliyopotelea mitaroni.

Turudi nyumbani. Kwa nini sisi tunamwona baba wa sululu na hatuioni ghorofa? Kwa sababu huyo anaonekana. Choo chake kiko nje, ukuta wake ni wa mabati, na uchafu wake unatoka kwa mara moja, mweusi, mbele ya macho. Bomba la inchi nne limejificha chini ya daraja la zege, na maji yake ya kijivu yakishachanganyika na ya wengine hayana jina. Mgambo anakamata anachokiona. Simlaumu mgambo. Nawalaumu wale waliompa fimbo bila kumpa ramani.

Tena wenye jukumu ni wengi, na kila mmoja ana kipande chake. Mitaro ya barabara za mitaani iko chini ya TARURA tangu 2017. Mitaro ya barabara kuu ni ya TANROADS. Majitaka ni ya DAWASA. Uchafuzi wa mazingira ni wa NEMC, kwa Sheria ya Mazingira ya 2004. Mto wenyewe una bodi ya bonde la Wami/Ruvu. Choo cha nyumbani ni cha bwana afya wa halmashauri. Bomba lile tulilolikuta lilianzia kwenye choo, likapita kwenye karo, likatokea mtaroni, likaelekea mtoni: mita chache tu, na lilikuwa limeshavuka mipaka ya ofisi zote hizo. Kila ofisi inaweza kusema kwa ukweli mtupu kwamba sehemu yake iko salama. Hakuna karatasi moja ambayo wote wanaweza kuizunguka na kuweka kidole mahali pamoja. Ndiyo maana nasema ramani ndiyo kazi yenyewe. Ofisi hizi haziwezi kugawana tatizo ambalo halina anwani.

Hapo hujibiwa kwa zege. Sina ugomvi na zege. Mradi wa kuendeleza jiji la Dar es Salaam, DMDP, ulioanza 2015, umejenga mitaro mikubwa Temeke, Ilala na Kinondoni, na wako watu ambao leo wanalala mvua ikinyesha kwa sababu ya mitaro hiyo. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi, na kwa mtu anayekumbuka mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya arobaini katika jiji hili, hizo ni habari njema. Lakini mtaro mpana usiokaguliwa unafanya kazi mbili. Unapeleka maji ya mvua haraka, na unapeleka majitaka haraka vilevile, hadi kwa watu wa chini, hadi kwenye bustani za bonde la Msimbazi zinazootesha mchicha ambao jioni tunaununua sokoni. Na tukiufunika kwa mifuniko ya zege kwa sababu unanuka, tutakuwa tumewajengea wenye mabomba ya kificho paa bora kuliko lile daraja la getini. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Kufunika kabla ya kukagua ni kuuficha ugonjwa ndani ya nguo.

Utetezi ninaousikia mara nyingi zaidi ni kwamba hatuna uwezo. Hatuna maabara, hatuna kamera za kupita ndani ya mabomba, nchi maskini ianze na vitu vikubwa. Huu ndio utetezi unaoniuma, kwa sababu jiji hili lilishauvunja lenyewe. Kuanzia 2015, katika mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwa na wakazi wa mitaa husika, walitembea kata kwa kata wakiwa na simu na vifaa vya GPS, wakachora nyumba, vichochoro na mitaro, na kuviweka kwenye ramani huria ya OpenStreetMap ambayo mtu yeyote anaweza kuifungua. Kabla ya hapo sehemu kubwa za makazi hayo hazikuwa na ramani iliyofaa kitu. Vijana wale waliifanya kazi iliyosemekana haiwezekani, tena kwa raba za kawaida miguuni. Kilichobaki ni hatua moja. Mitaro wameichora, sasa ichorwe midomo yake: kila bomba linaloingia, upana wake, urefu wake kutoka sakafuni, na kama lilikuwa likitoa maji siku ya tatu bila mvua.

Vifaa vya kuanzia ni pua, macho, ndoo, saa na unga wa rangi. Baada ya hapo vinaongezeka kidogo kidogo, na hapa sitaki tunakili vitabu vya wageni bila kufikiri. Wamarekani, kwa mfano, wakikuta maji mtaroni hupima floridi, kwa kuwa miji yao mingi huiongeza kwenye maji ya bomba. Floridi ikiwamo, maji yametoka bombani. Kipimo hicho ukikipeleka Arusha kitakudanganya, kwani huko floridi inatoka ardhini, na meno ya watoto yanalishuhudia jambo hilo. Kwetu amonia inafaa zaidi. Vikaratasi vyake ni rahisi, na amonia nyingi ni dalili ya mkojo na kinyesi. Kipimo cha amonia hutusaidia pia kuwaondolea lawama wasio na kosa: maeneo ya Dar es Salaam ambako maji ya ardhini yako juu yana mitaro inayotiririka kiangazi kwa chemchemi safi tu, na bila kipimo utamsumbua mtu bure.

Tena sisi ni watu wa pwani. Karibu na bahari mtaro hujaa na kukauka kwa mwezi, si kwa mvua. Wakati wa bamvua maji hupanda zaidi ya mita tatu, yanaingia mitaroni na kuifunika midomo yote. Mkaguzi anayekwenda maji yakiwa yamejaa atarudi akisema hakuona kitu, na atakuwa anasema kweli. Aende maji yakipwa. Mvuvi yeyote wa Feri angemwambia hivyo bila kumtoza senti.

Na kwa bomba linalotoa kwa kuvizia, la gereji linalofunguliwa usiku au la dobi linalotoka mara mbili kwa wiki, kuna mbinu ninayoipenda kuliko zote. Chukua kipande cha pamba ambayo haijapaushwa, kifunge kwa waya ndani ya mtaro, kiache siku kadhaa. Sabuni nyingi za unga zina dawa ya kung'arisha nguo, na dawa hiyo hunasa kwenye pamba. Kisha kimulike gizani kwa taa ileile ya zambarau ambayo wenye maduka hukagulia noti bandia. Kikiwaka rangi ya buluu, maji ya kufulia yalipita hapo ukiwa umelala. Taa hiyo iko Kariakoo, dukani, leo.

Kuna pingamizi moja tu ninalolipa heshima, nalo linatoka kwa watu wanaoijua kazi. Wanasema: haya, umelipata bomba, umzibie mama wa ghorofa, majitaka yake yaende wapi? Sehemu kubwa ya jiji haina mtandao wa majitaka, ardhi yake imejaa maji, na gari la kunyonya lina bei. Ni kweli, na ndiyo sababu sitaki ramani iwe orodha ya kukamatia watu. Bomba la gereji dawa yake ni shimo la kutenganishia oili, kazi ya fundi mmoja. Ghorofa iliyo karibu na bomba la majitaka iunganishwe, na mwenye nyumba alipe kwa awamu. Ghorofa isiyo na bomba karibu inahitaji karo lisilovuja na ratiba ya kunyonywa. Na nyumba ya baba wa sululu, ambako gari haliingii uchochoroni, inahitaji wapakuaji wenye pampu za mkono na mahali pa karibu pa kumwaga kihalali. Majibu ni tofauti kwa kuwa watu na maeneo ni tofauti, na bila kujua bomba gani liko wapi tunabaki na jibu moja kwa wote, yaani faini, ambayo humfikia yule aliye rahisi kufikiwa.

Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia jijini humu, katika miezi ya ukame, kabla ya mvua za vuli. Nilikikumbuka asubuhi ile tulipokuwa tumesimama tukiyatazama maji ya kijani.

Bomba la mama wa ghorofa lilizibwa wiki tatu baadaye. Yeye mwenyewe ndiye aliyemlipa fundi, na sasa gari la kunyonya huja getini kwake kwa tarehe. Nilirudi Septemba kutazama, nikapanda kutoka bondeni kama mara ya kwanza. Mama wa mihogo aliniuliza kama nimekuja kuandika faini. Mbele ya jiko lake mtaro ulikuwa mkavu, nyufa zimeanza kuonekana kwenye tope. Nikaendelea kupanda. Kwenye kalavati lililofuata, mkono wa kulia, upande ambao mwezi mmoja kabla tulikuwa tumeuacha kwa kuwa haukuwa na maji, yalikuwa yakiingia maji yenye povu.